Mchele wa Nyumba Isiyo na Mtu

Nimewahi kulinda nyumba iliyoko kijijini Indonesia nikiwa nimekaa juu ya robota la madera hapa Guangzhou, na sauti yangu ikafika. Nikiwasimulia watu wa nyumbani Singida hawaamini, lakini hao hata nilipowaambia kwamba hapa kuna jengo zima, kuanzia chini hadi paani, linauza vifungo vya shati tu, walisema kiyoyozi kimeniingia kichwani. Basi nimeamua kuandika. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni, nikiwa mama mtu mzima, katika darasa lenye popo wengi kuliko wanafunzi, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisema anayejua kusimulia asiogope kalamu. Mimi siogopi kitu. Labda lifti.

Chumba changu kiko Kangle, upande wa Haizhu, ambako majengo yamesogeleana kiasi kwamba jirani wa jengo la pili akikata kitunguu, anayetokwa na machozi ni mimi. Chini yetu ni karakana za kushonea nguo, cherehani hazinyamazi hata watu wakinyamaza. Pikipiki za umeme zinapita na majora ya vitambaa marefu kama nguzo za Tanesco, na usiposogea, unasogezwa. Kila dirisha lina nondo, hadi ghorofa ya saba ambako mwizi angehitaji mabawa. Mlango wangu una makufuli matatu. La kwanza nililikuta, la pili nikanunua, la tatu niliongeza ili yale mawili yasijisikie wapweke.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa mwanamke wa Java. Ananunua vitambaa vya mitandio na kuvisafirisha kwao. Mimi namwita Mbak, ndivyo kwao wanavyomwita dada, naye ananiita Mama, nadhani kwa sababu ya umbo, maana kwa umri tunalingana. Lugha yetu ni Kichina cha sokoni, tumekiziba viraka vya Kiingereza na kukishona kwa mikono. Hapa nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo yalivyotua kichwani kwangu.

Jioni moja tulikuwa tunakula kwake, nami nilikuwa nasifia kufuli langu la tatu.

"Kwenu mnajilinda na nini?" nikamuuliza.

"Na mchele," akasema.

"Mwenzangu, mimi nazungumza mambo ya usalama."

"Na mimi pia."

Akanieleza. Kijijini kwao, katikati ya mashamba ya mpunga, kila nyumba ina kikopo kimening'inizwa ukutani barazani, saizi ya kikombe cha chai. Kila jioni mwenye nyumba anatia konzi moja ya mchele. Baada ya isha wanaume wa zamu wanapita na tochi na mfuko, wanaumimina, kisha wanagonga kipande cha mwanzi kinachoning'inia hapo hapo, ko, mara moja tu, wanakwenda nyumba ya pili. Mchele huo ni wa kijiji. Mtu akifiwa unapikwa, daraja likibebwa na maji unauzwa, zinanunuliwa mbao.

"Lakini mchele ni kisingizio," akasema Mbak. "Kopo likiwa na kitu, wanajua uliyemo ndani umeamka, umekula, mkono unafanya kazi. Likiwa tupu wanabisha hodi. Una homa? Umeanguka bafuni? Kuna mtu kakushika?"

"Na mwizi je?"

"Aje aibe wapi? Kila nyumba inaguswa kila siku na watu wenye akili zao. Sisi mlango tunaufunga kwa sababu ya kuku."

Nikamwambia kwetu tulikuwa na sungusungu, nao hawakuja na mfuko wa mchele, walikuja na marungu, na mwizi aliyekutana nao alipona kwa maombi tu. Akauliza sungusungu walijuaje nyumba ya nani ina shida. Nikasema shida yenyewe ilikuwa inapiga yowe. Akatikisa kichwa kama daktari anayesoma kipimo kibaya.

Kisha akasukuma sahani yake pembeni, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anapiga soga.

Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha nyumba ya mbao na matofali, kiwanja chenye minazi, na baraza pana ambalo Mbak tayari alikuwa amelipangia maisha: miaka michache zaidi ya Guangzhou, halafu anarudi, anatundika mitandio kwenye kamba barazani, anauza akiwa ameketi. Mtoto wa baba yake mdogo, ambaye hapa nitamwita binamu, alikuwa na mpango mwingine. Alitaka uwanja uchimbwe bwawa la samaki. Kila mara alimwandikia kwa simu maneno yale yale, kwa upole wa kumwagilia maua: nyumba haina mtu, haitoi mchele, zamu haisimami tena pale, dada usijisumbue.

Na katika kijiji chao hilo si neno dogo. Nyumba ambayo zamu imeacha kusimama inahesabiwa kuwa imejitoa. Mtu wa ukoo akitaka kuitumia, wazee hawana pa kumzuilia, kwa sababu nani mwenyewe? Hajagongewa mwanzi mwaka mzima.

"Sasa si umwombe jirani akutilie hicho kikonzi?" nikasema. "Kazi ya dakika."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kila siku mtu atoe chakula chake kwa ajili ya nyumba ya mwanamke anayeishi ghorofani China. Nitamtazama vipi usoni?"

"Kwa simu hutamtazama."

Hakucheka. Wanawake wa kwao, nimegundua, wanaweza kubeba gunia la mpunga kichwani kuvuka mto, lakini kumwomba mtu konzi ya mchele kunawavunja shingo. Sisi Singida tungeomba, tungepewa, na tungelalamika kwamba ulikuwa na mawe.

Basi nikachukua hatua. Mimi ni mtu wa hatua. Kuna kaka mmoja wa Kigoma anayenunua simu na vifaa vyake kwa jumla, anajua kila duka la umeme mjini hapa kuliko anavyojua ndugu zake. Nikaenda naye tukamchagulia Mbak kamera ndogo kama limau, yenye laini yake ya simu, inayoona gizani, inayosikia, na yenye kipaza sauti ili ukiona mtu umsemeshe. Mwenye duka, laoban, alisema inasikika umbali wa mita kumi. Nikamwambia hajanisikia mimi.

Mbak aliishika kamera ile kana kwamba nimempa mtoto wa mtu mwingine.

"Wakiiona watasemaje?" akauliza. "Kijiji kizima kinalinda kwa mchele, halafu mimi naweka jicho. Ni kuwaambia kwamba hawatoshi."

"Ifiche."

Na alipokwenda kwao kwa Idi akaificha, ndani ya tundu la njiwa la marehemu mama yake, linaloning'inia barazani bila njiwa. Kwa siku alizokaa alitia mchele mwenyewe, akagongewa mwanzi, akatembelea watu. Bibi wa nyumba ya pili, mfuga bata, ndiye aliyemuosha mama yake siku ya mazishi. Mbak akampelekea kandambili za Guangzhou, za rangi ya waridi, zenye ua kubwa la plastiki juu. Bibi naye akamfungashia mayai ya bata ya kutiwa chumvi. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Baiyun, tukala mayai mawili kwenye metro kabla hatujafika, na nasema bila kutia chumvi, maana ilikuwemo tayari: kuku wa dunia hii wanatudanganya.

"Kuna kitu kimenishangaza," Mbak akasema, akimenya la tatu. "Nilipofika, kopo halikuwa na vumbi."

"Upepo," nikasema.

"Labda."

Jioni ile ile ndipo zamu yetu ilipoanza. Jua la kwao na la kwetu linazama karibu pamoja ingawa saa zao ziko nyuma, kwa hiyo magharibi ilipoingia Mbak alitawadha, akanikabidhi simu, akatandika mswala. Nikakaa juu ya robota langu. Kwenye kioo niliona baraza, ngazi mbili, kopo ukutani, yote yamekuwa na rangi ya majivu, kwa sababu gizani kamera haina rangi nyingine. Kilikuwa kimya kizuri. Nilianza kuwaza kwamba kazi ya ulinzi inalipa vibaya duniani kote kwa sababu watu hawajui inavyochosha.

Mara nikaona mtu. Ameinama, amejitanda shuka hadi usoni, tochi mkononi. Akapanda ngazi ya kwanza kwa kunyata. Ya pili. Akapeleka mkono ukutani, karibu kabisa na dirisha.

Nikabonyeza kile kitufe.

"Wewe. Nakuona. Toka hapo kwenye nyumba ya watu kabla sijakuitia kijiji. Huna haya, watu wanaswali wewe unapapasa madirisha."

Kwa Kiswahili chote, cha Singida, kutoka tumboni. Cherehani za chini zilinyamaza. Nasema kweli, ghorofa nzima ya washonaji iliinua macho. Na kule Java, kutoka ndani ya tundu la njiwa lisilo na njiwa, ilitoka sauti ya mama wa Kiafrika. Tochi ilianguka, ikaokotwa, ikageuka, na yule mtu akateremka ngazi zile kama mwari wa ngoma, akapotea. Nikasikia bata wakilia mbali.

Mbak alipomaliza swala nilikuwa nimesimama katikati ya chumba.

"Nimemfukuza," nikamwambia. "Siku ya kwanza tu. Hela ya kamera imerudi."

Akachukua simu, akaisogeza karibu na macho. Kwenye ngazi ya chini kulikuwa na kandambili moja, imelala ubavu. Rangi haikuonekana, lakini ua lilionekana, kubwa kama sahani. Na juu barazani, chini ya kopo, sakafu ilikuwa na vidoa vyeupe vimetawanyika.

"Mama," akasema taratibu, "ule ni mchele."

Akaketi chini, juu ya mswala wake uliokuwa bado umetandikwa.

"Kopo halikuwa na vumbi," akasema. "Amekuwa akitia yeye. Tangu mazishi. Mwaka mzima, konzi yake kwenye kopo letu, na hajasema. Hata nilivyokaa naye, hata alivyonifungia mayai, hajasema."

Ikawa kwamba binamu alikuwa anadanganya, na zamu haikuwahi kuacha kusimama. Nyumba ilikuwa imelindwa muda wote, na aliyekuja kuivurugia ni kamera yetu. Mimi nikasema hilo linaweza kutokea kwa mlinzi yeyote makini.

Saa tatu ya kule tukasikia wanaume wa zamu wanakuja, wanaongea, wanacheka. Wakafika usawa wa nyumba, kicheko kikakatika. Wakasimama njiani. Mmoja akanong'ona. Halafu nyayo zikaendelea, haraka, upande wa pili wa njia, na ule mwanzi haukugongwa.

Asubuhi yake kundi la simu la kijiji lilikuwa limejaa. Kuna jini limeingia nyumba ya marehemu, majirani wamelisikia. Linasema lugha isiyojulikana. Mwingine akaandika kwamba ni Kiarabu, mwingine akasema hapana, yeye amefanya kazi Jeddah, ile si lugha ya watu. Binamu aliandika kwa huzuni iliyopangwa vizuri: nilikuwa naogopa jambo kama hili, nyumba ikikaa bila mtu inapata mtu wake. Tuufungue uwanja, tuweke maji, jini haliketi penye samaki. Balozi wao, yule mwenye dhamana ya nyumba zile, kama balozi wetu wa nyumba kumi, akajibu kwamba wazee watalizungumza baada ya swala ya Ijumaa.

Tulikuwa tumekwama mahali pembamba, na niwaeleze vizuri ili msije mkasema nilikuwa naleta mzaha. Mbak akisema ukweli, kwamba lile si jini bali ni kamera, amekiri mbele ya kijiji kizima kwamba hakuwaamini, na kwamba wakati bibi analisha kopo lake kwa siri, yeye alikuwa anamwekea mtego. Asiposema, zamu haisimami, na Ijumaa wazee wanampa binamu jembe.

Kaka wa Kigoma alipita kunisalimia akanikuta nimejikunyata.

"Nasikia umemkimbiza bibi wa watu kwa Kiswahili," akasema. "Nilidhani tunaikuza lugha kwa njia nyingine."

"Wewe ndiye uliyesema kamera ina sauti ndogo."

"Nilisema kamera. Sikusema wewe."

"Sasa unashauri nini?"

"Mwambieni kamera imeharibika."

"Jini limeharibika?"

Akaona ugumu wa jambo, akanywa chai yangu yote, akaondoka. Wanaume wa kuuza simu wana mipaka.

Jioni hiyo tulikaa wawili mbele ya kioo. Kuku walikuwa wamemaliza mchele wa sakafuni mchana. Kandambili ilikuwa pale pale, hakuna aliyethubutu kuiokota. Magharibi ikapita, hakuna aliyekuja. Zamu ikapita upande wa pili wa njia, kimya, kama watu wanaopita mbele ya mlango wa mwalimu mkuu. Mbak alikuwa na tabia ya kukunja sampuli za vitambaa vyake akiwa na mawazo, na siku ile alikunja zote, akazikunjua, akazikunja tena.

"Nitaandika," akasema. "Nitasema uwanja wachukue."

"Huandiki," nikasema.

"Mama, ile ni nyumba yangu."

"Ndiyo maana."

Ni jibu zuri, bado najivunia. Nilimnyang'anya simu nikalala nayo chini ya mto.

Kesho yake, magharibi, Mbak alikuwa amemaliza swala mapema na mimi nilikuwa nakata bamia. Akanishika mkono wenye kisu.

Kwenye kioo, mbali, mwanzoni mwa uwanja, kulikuwa na mwanga wa tochi umesimama bila kusogea. Ukakaa hapo muda mrefu. Kisha ukasogea kidogo. Alikuwa yeye, shuka lile lile, miguu peku, ngumi moja imefumbwa kifuani. Alipofika hatua chache kutoka ngazini akasimama, akainama kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, akaanza kusema peke yake. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Mbak akawa ananinong'oneza.

"Anasema samahani. Anasema yeye ni mpita njia tu. Anasema..." Akasogea karibu na kioo. "Anasema, sijui wewe ni nani wala umetoka wapi, lakini nyumba hii ina mwenyewe, yuko mbali, atarudi. Mimi natia mchele wake tu, kisha nakwenda. Usinifokee, moyo wangu ni wa zamani."

Bibi akapanda ngazi ya kwanza.

"Bonyeza," nikamwambia Mbak.

"Siwezi. Nitasema nini?"

"Yule amekuja peku mbele ya jini kwa ajili yako. Wewe unaogopa kitufe?"

Bibi akapanda ngazi ya pili, akanyoosha mkono kwenye kopo, macho ameyafumba kabisa. Tukasikia mchele ukianguka ndani ya bati. Mbak akabonyeza.

Alianza kwa kusema, "Bibi." Kisha akasema jina la nyumbani ambalo mama yake alikuwa akimwitia, ambalo mimi silijui kuliandika na hata ningejua nisingeliandika. Bibi aliganda, mkono bado ukutani. Akafumbua jicho moja.

"Uko wapi?" akauliza. Tafsiri nilikuwa naipata vipande vipande, nyingine baadaye kabisa, tukiwa tunakula.

"Niko Guangzhou."

Bibi akaelekeza tochi juu. "Ndani ya tundu la njiwa?"

"Ni mashine, bibi. Inanionyesha baraza. Niliiweka mimi. Nisamehe."

Bibi akasogea, akachungulia kati ya vijiti vya tundu, na kioo chetu kikajaa pua. Pua nzuri, yenye heshima.

"Na yule aliyenifokea ni nani?"

"Ni Mama. Jirani yangu. Mwafrika."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana bibi. Ndivyo anavyosema."

Bibi akatafakari hilo. Mbak akaanza kulia sasa, akasema mambo mengi kwa haraka, kuhusu mchele, kuhusu mwaka mzima, kuhusu kwa nini hakuambiwa. Bibi alimkatisha.

"Ungejua ungekataa," akasema. "Na mama yako ndiye aliyenitilia mimi nilipokwenda kuuguza mwanangu mjini. Hakuniambia pia. Tusimame hapo. Niambie, hiki kijicho kinaona nini?"

"Baraza, na ngazi."

"Ngazi haziendi popote. Kiangalie njia. Pale kwenye kona ya mianzi wanaume wa zamu hawaoni vizuri, na mwaka huu bata wangu wawili wameondokea pale pale." Kisha akasema lile neno lililomaliza mambo yote. "Nyumba yenu haina mwanaume wa kutoa kwenye zamu. Mama yako alikuwa akiwapelekea chai. Wewe wapelekee jicho."

Na bila kusubiri jibu akatafuta ufagio barazani, akaanza kulisukuma tundu kwa mpini. Sisi tukaona dari, tukaona shavu, tukaona dari tena, tukamwona bata aliyemfuata hadi ngazini akitutazama kama mkaguzi, kisha njia ikatokea, nyeupe, na mianzi kwenye kona yake.

"Hapo?" akauliza bibi.

"Hapo hapo," Mbak akasema.

Bibi hakwenda kwake. Akakaa ngazini, mgongo ametupa sisi, akavaa kandambili yake iliyopotea kwenye mguu mmoja, akangoja. Nilimaliza bamia, nikapika, tukala simu ikiwa katikati ya sahani. Saa tatu yao wakaja. Tuliwaona kabla hawajafika, wanne, wakijikusanya kuhamia upande wa pili wa njia kama siku mbili zilizopita. Bibi akawaita. Aliwasemesha muda mrefu, anaonyesha tundu kwa kidole. Mmoja akauliza kitu, Mbak akanigeukia.

"Wanataka kujua kama lile jini lipo bado."

"Waambie lipo, linakula."

Akawaambia. Kicheko chao kilipasua kipaza sauti. Wakapanda barazani wakigombania nani achungulie kwanza, na mmoja wao, mzee mwenye kofia nyeusi, ndiye balozi mwenyewe, akaiuliza kamera kwa upole kama bado kona ya mianzi inaonekana vizuri. Mbak akamjibu inaonekana, na kwamba kuna paka. Balozi akageuka kuwaambia wenzake: kuna paka. Kisha tukasikia kopo likitolewa msumarini, mchele ukimiminwa mfukoni.

Ko.

Katika chumba kile cha Kangle, pamoja na cherehani zote zile, sauti ile ilisikika safi. Mbak alikuwa ameshika kijiko hewani. Alikishusha, akakusanya sahani, akaenda kuziosha, na aliziosha muda mrefu kuliko zilivyostahili.

Baada ya Ijumaa balozi aliandika kwenye kundi kwamba nyumba ya marehemu iko kwenye zamu kama kawaida, inatoa mchele na inatazama kona ya mianzi. Binamu akaandika kwamba amefurahi sana, na kwamba hata hivyo udongo wa pale haushiki maji. Mbak sasa anampelekea bibi mchele wa mwaka mzima kupitia duka la kijijini, na bibi anaupokea kwa sharti kwamba asishukuriwe. Jioni mimi na Mbak tunapokezana kutazama njia. Nimeshakamata paka, bata waliotoroka, na kijana mmoja anayemsindikiza binti wa watu kila Jumamosi, huyo tulimwachia.

Bibi alikuwa na ombi moja tu, na lilikuwa kwangu. Alilisema akiwa amesimama ngazini, uso kwenye kamera, taratibu, kwa kuwa ananijua mimi si mtu wa kuelewa haraka. Atafutiwe kandambili nyingine, namba ile ile, rangi ile ile, ila zisiwe na ua. Ua linanasa kwenye ngazi mtu anapokimbia.

Nilikwenda kesho yake asubuhi na mapema kwenye soko la viatu. Zenye ua zilikuwa za kujaza meli. Zenye kipepeo zilikuwepo, zenye cheri, zenye uso wa dubu. Nikamweleza laoban ninachotaka: waridi, ndogo, wazi juu. Akapunga mkono bila kuinua macho kwenye chai yake. Mei you, akasema, hakuna.

Nikaweka mkoba wangu chini, nikavuta pumzi ile ile iliyofika Java.